Titi moja limevimba: nioneshe kwanza mfuko wako wa dawa

"Shikamoo daktari. Nina miaka 26, ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Miezi saba iliyopita titi langu la kushoto lilianza kuuma, hata shati likigusa chuchu nashtuka. Sasa limevimba, na chini ya chuchu kuna kitu kigumu kiasi, upana wake kama kizibo cha soda. La kulia liko kawaida. Kazini tunavuta nyavu vifua wazi, na wenzangu wameshanipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Bibi amenichua kwa mawese ya moto wiki mbili, sikupata nafuu. Wengine wanasema ni mkono wa binti niliyeachana naye. Pombe ni bia mojamoja, bangi sivuti. Dawa natumia za vidonda vya tumbo tu, simetidini, nanunua mwenyewe dukani, huu mwaka wa pili. Rafiki yangu wa mtumbwi mmoja anameza hizohizo na hana shida yoyote. Je, hii ni saratani? Na kama ni homoni kama nilivyoambiwa, mbona titi moja wakati damu ni ileile?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikapigia mstari neno ulilolipita mbio: "tu". Dawa za vidonda vya tumbo tu. Tutalirudia, maana nadhani mzizi wa mambo uko hapo. Lakini kudhani kwangu hakutoshi. Barua haina vidole, na uvimbe wa titi ni ugonjwa wa kushikwa kwa mkono.

Nianze na saratani, kwa kuwa najua huwezi kusoma mengine kwa utulivu kabla hujasikia habari yake. Wanaume huipata saratani ya titi, ndiyo. Katika wagonjwa mia wa saratani hiyo, mwanaume ni kama mmoja, au hata hafiki. Wengi wao ni watu wa miaka 60 na zaidi. Uvimbe wake kwa kawaida hauumi, ni mgumu kama kokwa, umekaa pembeni ya chuchu, na kingo zake hazieleweki. Ukiusukuma umeng'ang'ania. Chuchu yaweza kuvutwa ndani au kutoa majimaji yenye damu, ngozi ikakunjamana au ikachimbika kidonda, na kwapani kukawa na tezi ngumu. Chako kinauma, kiko chini ya chuchu kabisa, na umri wako ni miaka 26. Kwa hiyo saratani iko mbali. Sisemi haipo, nasema iko mbali.

Naweka akiba hiyo ya maneno kwa sababu namkumbuka mzee mmoja aliyetokea upande wa Uvinza. Alikuwa na uvimbe mgumu usiouma kwenye titi moja. Akapewa antibayotiki za jipu, zikarudiwa, zikarudiwa tena. Alipofika mezani kwangu ngozi ilikuwa imeshatoboka. Kila aliyemwona kabla yangu aliamini kwamba mwanaume hana titi la kuugua. Kama unayesoma hapa umevuka miaka 50 na una uvimbe wa titi moja usiouma, usisubiri uanze kuuma. Nenda ukachukuliwe kinyama kikapimwe.

Sasa wewe jipime. Lala chali, mkono wa kushoto uweke nyuma ya kichwa. Chukua kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, vianzie mbali, kila kimoja upande wake wa titi, uvitelezeshe polepole vikutane kwenye chuchu. Kama ni tishu ya titi utakutana na kisahani kinachonesa, kama mpira wa ndala, chenye mpaka unaoeleweka, kimeizunguka chuchu sawasawa na kinateleza juu ya msuli. Kama ni mafuta, vidole vitafika kwenye chuchu bila kugonga kitu. Watu wanene wengi wanaodhani wameota matiti wana mafuta tu, na dawa yao haipo hospitali.

Kwa mtu wa kazi yako kuna jambo la tatu, msuli. Anayevuta kamba usiku kucha kwa upande mmoja hujenga kifua upande huo. Weka mikono kiunoni ukandamize: msuli utakaza na kuinuka, ila kisahani hakitabadilika. Na msuli hauumi kwa kuguswa na shati, kwa hiyo nauweka kando. Kuna hata wanaozaliwa na msuli wa kifua uliopungua upande mmoja. Hao hulalamikia titi zima kuwa limevimba, kumbe lenye kasoro ni lile jingine lililobonyea.

Kisahani hicho madaktari hukiita jinekomastia, jina la Kigiriki lililoanzia kwa tabibu Galen katika karne ya 2. Kwa hiyo hukuanza wewe. Kila mwanaume ana tishu kidogo ya titi nyuma ya chuchu, vijimirija vichache vilivyolala. Testosteroni, homoni ya kiume, huviacha vilale; estrojeni, ile inayoitwa ya kike, huviamsha. Na usidhani estrojeni ni mali ya wanawake peke yao. Mwili wako unaitengeneza kila siku, sehemu kubwa kutokana na testosteroni yenyewe, ikigeuzwa na kimeng'enya kilichomo hasa kwenye mafuta ya mwili. Unaijua mizani ya pale mwaloni: upande mmoja ukitaka ushuke, unaweza kuuongezea mzigo, au ukapunguza mzigo wa upande wa pili. Titi nalo ndivyo. Mtu anaweza kupimwa estrojeni ikakutwa ya kawaida kabisa, na titi likaendelea kukua kwa sababu kuna kitu kinaipunguza testosteroni au kinaizuia isifanye kazi yake.

Mizani hii huyumba yenyewe nyakati tatu za maisha. Watoto wachanga huzaliwa na vifua vimevimba kwa homoni za mama zao, na wiki chache baadaye vinanywea. (Tafadhalini kina mama na kina bibi, msivikamue. Majipu mengi ya vichanga niliyoyapasua yalianzia kwenye kukamuliwa.) Wavulana wa balehe, karibu nusu yao, huota kisahani kama chako wakiwa na miaka 13 au 14, na kwa wengi huisha ndani ya miaka miwili bila dawa. Halafu wazee, testosteroni inaposhuka na mafuta ya mwili kuongezeka. Wewe uko katikati, umeshavuka balehe na uzee bado. Ukiota titi umri huo, lazima mtu aketi na kutafuta kilichosukuma mizani.

Swali lako la damu lilinifurahisha, kwa kuwa wanafunzi wangu nao huliuliza. Damu ni ileile, kweli. Lakini nenda shamba lolote la michikichi huko Mwandiga, ukute miche miwili iliyopandwa siku moja, udongo mmoja, mvua moja. Mmoja umebeba mkungu, mwingine bado. Tishu za matiti mawili hazina wepesi sawa wa kuitikia homoni. Moja huamka mapema, lingine huchelewa au haliamki kabisa. Mara nyingi nikimpima mtu anayesema "ni la kushoto tu", nakuta la kulia nalo lina kijisahani kidogo ambacho mwenyewe hakukijua. Jipime la kulia pia. Kwa hiyo kuvimba upande mmoja hakuondoi homoni kwenye orodha ya washukiwa. Kazi yake ni kutulazimisha kuwa makini zaidi, kwa sababu saratani, jipu, kifuko cha mafuta chini ya ngozi, damu iliyoganda baada ya kugongwa, hata kifua kikuu cha titi ambacho ni nadra, vyote hupenda upande mmoja.

Sasa toa mkono kwenye titi uupeleke kwenye korodani. Usicheke. Daktari anayempima kijana titi halafu hamwambii ateremshe suruali, hajamaliza kazi. Zipo saratani za korodani zinazomwaga homoni ileile inayopimwa kwenye mimba, na homoni hiyo huliamsha titi. Ni chache, wachache tu kati ya wenye matiti kama lako wanazo, lakini huwapata zaidi vijana wa rika lako. Niliwahi kumpata kijana mmoja wa bodaboda, titi moja, miezi minne. Maabara siku hiyo haikuwa na kipimo cha damu cha homoni hiyo, nikamwomba muuguzi atumie kile kijiti cha mkojo cha kupimia mimba. Muuguzi alidhani nimechoka. Kilipotoa mistari miwili hakuna aliyecheka, na ultrasaundi ikaonesha uvimbe kwenye korodani ya kulia, mdogo kuliko punje ya karanga. Saratani hiyo ikiwahiwa hupona kwa walio wengi, hata ikiwa imeshaanza kusambaa. Lakini angalia: kijiti kikionesha mstari mmoja hakijakusafisha, kwa sababu si uvimbe wote wa korodani unaotoa homoni hiyo. Usikinunue ukajipimia nyumbani ukaridhika.

Jishike baada ya kuoga maji ya moto, korodani moja kwa wakati, uizungushe kati ya vidole. Inatakiwa iwe laini sawasawa. Kamba laini iliyo nyuma yake ni ya kawaida, na moja kuning'inia chini kuliko nyingine si ugonjwa. Unachotafuta ni kijiwe, ugumu, au uzito mpya. Mwenye busha hawezi kujipima hivi, maji yanaificha korodani, huyo aende ultrasaundi moja kwa moja. Ukumbuke pia kama utotoni uliugua matumbwitumbwi korodani zikavimba, au kama kuna moja ambayo haikushuka, umwambie daktari. Na kama zote mbili ni ndogo na ngumu kama punje za maharage, ndevu haziji na wewe ni mrefu kuliko ndugu zako wote, daktari atafikiria hali ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada. Inawapata kati ya mwanaume mmoja kwa 500 na mmoja kwa 1,000, na wengi huishi bila kujua mpaka watafute mtoto wamkose.

Turudi kwenye "tu".

Simetidini ni dawa ya zamani ya kupunguza asidi tumboni, na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba ina tabia ya pili: huenda ikakaa kwenye mlango ambao testosteroni hupitia ili ifanye kazi ndani ya seli, ikauziba. Testosteroni yako ipo, imebaki nje inabisha hodi. Estrojeni mlango wake uko wazi. Anayeimeza wiki mbili tatu mara nyingi hapati neno. Anayeimeza dozi kubwa, mwezi baada ya mwezi, ndiye anayekuja na titi. Wewe uko mwaka wa pili.

Na kama si simetidini kwako, kwa msomaji mwingine itakuwa nyingine. Spironolaktoni ya moyo na ini ni maarufu kwa hili. Ketokonazoli ya vidonge, dawa za tezi dume, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, hata amlodipini ya presha kwa wachache. Sindano za kujaza misuli wanazouziana vijana wa jimu ni mbaya zaidi, maana korodani huona testosteroni imejaa na kuacha kuitengeneza, nyingine inageuka estrojeni, na sindano zikiisha mtu hubaki na titi na korodani zilizonywea. Kwa wanaoishi na VVU, mshukiwa mkubwa alikuwa efavirenzi. Kuanzia mwaka 2019 nchi ilianza kuwahamishia watu kwenye dawa yenye dolutegravia, na wagonjwa wa namna hiyo wamepungua. Kama uko kwenye ARV na titi limevimba, usiache dawa hata siku moja. Rudi kliniki yako wakuangalie, wao ndio wa kubadilisha.

Sababu nyingine nitazipita haraka kwa kuwa sizioni kwako. Ini lililochakaa kwa gongo au kwa homa ya ini ya B. Figo zilizochoka. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mtu anakonda huku anakula, mikono inatetemeka. Na moja ambayo wengi hawaijui: njaa inayokwisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafungwa waliotoka makambini wakaanza kula vizuri waliota matiti, kwa sababu korodani zilizokuwa zimelala kwa njaa ziliamka kwa fujo, kama balehe ya pili. Tunaweza kuliona hata kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda sana akaanza dawa na kunenepa. Hilo hutulia lenyewe.

Nini ufanye. Kwanza acha simetidini. Lakini usiliache tumbo mikononi mwa bahati. Mtu wa miaka 26 anayemeza dawa ya vidonda mwaka wa pili hajatibiwa, amenyamazishwa. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, anayepimwa kwa kinyesi na kuondolewa kwa dawa mseto za siku 14 hivi. Vingine huletwa na dawa za maumivu. Najua wavuvi mnavyomeza diklofenaki kwa ajili ya migongo. Ukihitaji dawa ya asidi kwa sasa, omeprazoli husababisha titi kwa nadra mno, ila mwambie atakayekupima kwamba unaitumia, kwa kuwa inaweza kuficha bakteria huyo. Ukipata kinyesi cheusi kama lami au ukatapika damu, hapo hakuna kusubiri.

Pili, nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Subiri mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliwi, kama huwezi kukosa giza la kuvua, lakini usipitishe mbalamwezi hii. Beba paketi ya kila unachomeza, pamoja na za miti shamba. Omba upimwe titi, kwapa na korodani kwa mkono, ultrasaundi ya korodani, na damu ya kuangalia ini, figo, tezi ya shingo na homoni. Kama kipimo fulani cha homoni hakipatikani siku hiyo, sampuli husafirishwa, na rufaa ya huku kwetu kwa kawaida ni Bugando, Mwanza. Kinyama hakihitajiki kwa kila mtu. Titi linalofanana na lako kwa maelezo, daktari akiridhika, linaweza kuachwa bila sindano.

Tatu, saa inakwenda. Miezi sita ya kwanza mpaka mwaka, kisahani kina uhai, kinauma, kinaweza kurudi nyuma. Ukipita mwaka hugeuka kovu, maumivu yanaisha, na watu hudhani wamepona kumbe ndiyo kimejijenga. Kovu haliyeyuki kwa kidonge. Wewe una miezi saba, kwa hiyo bado uko ndani ya dirisha. Chanzo kikiwa ni dawa na ukaiacha, maumivu mara nyingi hupungua ndani ya mwezi, na uvimbe hufuata taratibu. Kama haupungui na bado unauma, daktari anaweza kukuandikia tamoksifeni miligramu 10 hadi 20 kwa siku, miezi mitatu hivi. Hiyo ni dawa ya saratani ya titi, na mwenye famasi atakutazama jicho la huruma. Usishtuke, tunaitumia kwa kuwa inaizuia estrojeni pale kwenye titi. Ina hatari ya kugandisha damu miguuni, kwa hiyo haimezwi bila mtu wa kukufuatilia. Sindano za testosteroni ni za waliopimwa wakakutwa wamepungukiwa. Ukichomwa bila upungufu, nyingine inageuka estrojeni na titi linaongezeka.

Ikifika mwaka na kisahani kipo na kinakusumbua, kuna upasuaji. Tunakata nusu duara kwenye ukingo wa duara jeusi la chuchu, mahali kovu linapojificha, na kutoa tishu. Daktari mzuri huacha kipande chembamba chini ya chuchu, la sivyo kifua hubonyea kama sahani. Damu inaweza kuvujia ndani siku ya kwanza, chuchu inaweza kupata ganzi ya muda. Kuvuta nyavu ni baada ya wiki nne hadi sita, na hapo wavuvi wangu ndipo wanaponiharibia kazi. Kuna mmoja alirudi ziwani siku ya tisa.

Bibi mwambie asante, mawese hayajakudhuru kwa kuliwa wala kupakwa. Moto na kuchua ndivyo viishe, kwa sababu tishu iliyoamka ikifinywa kila siku haitulii, na ngozi ya chuchu huungua upesi. Chale usikubali. Binti wa watu mwacheni. Kuhusu kuoa, ambalo hukuuliza ila nimelisoma katikati ya mistari: titi hili peke yake haliondoi nguvu za kiume wala uzazi. Kama nguvu nazo zimepungua tangu uanze vidonge, mwambie daktari bila haya, maana simetidini kwa dozi kubwa hufanya na hilo, na kwa kawaida hurudi dawa ikiachwa.

Na rafiki yako asiye na shida. Huenda anameza kidogo kuliko wewe, huenda tishu yake ni nzito kuamka, huenda naye ana kisahani ambacho hajakishika. Mfundishe vile vidole viwili. Vidonge ulivyobakiza usimgawie.